Kano ya mkono ilishonwa vizuri, lakini kiganja hakigeuki. Waliopitia hili waje

Bisibisi (mleta uzi)

Heshima kwenu wakuu. Uzi ni mrefu na naandika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo makosa ya herufi mnisamehe.

Wiki kumi na moja zilizopita tulikuwa watu wawili tunashusha friji ngazini. Mwenzangu aliyekuwa juu akateleza, mzigo wote ukanijia mimi, kiwiko cha kulia kikiwa kimekunjwa. Badala ya kuachia nikakaza. Nikasikia "ta!" ndani ya mkono, halafu joto likasambaa. Maumivu makali hayakuzidi dakika tano, na hilo ndilo lililonidanganya. Jioni kigasha (kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono) kilikuwa cha zambarau, na ule msuli wa mbele ya mkono ulikuwa umepanda kuelekea begani, umejikusanya kama ngumi.

Nilikokwenda kwanza niliambiwa nimeshtua msuli, nikapewa vidonge nikarudi nyumbani. Siku ya tisa ndipo nikamwona daktari wa mifupa. Akaniambia nikunje kiwiko, kiganja kinitazame, kisha akajaribu kupenyeza kidole chake nyuma ya kano, ile kamba inayofunga msuli huo kwenye mfupa, akitokea upande wa nje, kama unavyotundika koti kwenye ndoano. Mkono wa kushoto kidole kilinasa. Wa kulia kikapita patupu. Hakuhitaji hata picha kujua kwamba kano imekatika, ingawa picha zilipigwa baadaye.

Siku ya 13 tangu ajali nikafanyiwa upasuaji. Mpasuo mmoja mbele, chini kidogo ya mkunjo wa kiwiko. Wakatoboa mfupa wa rediasi, yaani ule wa kigasha ulio upande wa gumba, wakaivuta kano hadi hapo na kuibana kwa kitufe kidogo cha chuma kinachokaa upande wa pili wa mfupa.

Nilipozinduka, ngozi ya nje ya kigasha kutoka kiwiko hadi karibu na shina la gumba ilikuwa imekufa ganzi. Nikauliza, nikaambiwa kawaida. Wiki ya tatu ndani ya kiwiko pakavimba na kuwa na joto, sina homa. Kawaida. Wiki ya sita nikasema kiganja hakifiki juu. Kawaida, kaza mazoezi. Leo ni wiki ya tisa tangu upasuaji. Kiwiko kinakunja na kunyooka karibu chote, nguvu inarudi, ila kiganja kikigeuka kuelekea juu kinafika nusu ya safari na kugota. Hakiumi sana. Kinagota tu, kama droo iliyozuiwa na kitu huko nyuma.

Kuna aliyefika hapa? Na hii kawaida ina mwisho?

Nipo Nipo

Pole mkuu. Sina la kuchangia ila nimesoma huku nimeshika kiwiko changu mwenyewe.

Dada Fizio

Pole kaka. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na wagonjwa wangu wengi ni wa mikono, lakini sijakushika wala kukuona, kwa hiyo haya usiyafanye cheti.

Neno "kawaida" wamekugeuzia gunia. Umetupiwa humo mambo ambayo hayana undugu.

Ganzi ya ngozi upande wa nje wa kigasha: hii kweli ni ya kawaida, ndiyo inayoongoza baada ya upasuaji huu. Kuna neva ya ngozi inayotokeza pembeni mwa kano ile ile, kimo kile kile cha mpasuo wako. Daktari analazimika kuisogeza ili afike mfupani, nayo haipendi kuvutwa. Inahusika na hisia tu, haiendeshi msuli wowote. Kwa wengi inarudi ndani ya wiki hadi miezi, na ikianza kurudi utajua: mwasho, vijishoti vya umeme, nguo ikigusa unashtuka. Usiogope hivyo, ndivyo neva inavyoamka. Neva iliyoumia hadi nyuzi zake za ndani huota upya kama milimita moja kwa siku, hesabu mwenyewe urefu wa kigasha chako.

Kiganja kugota ni hadithi nyingine kabisa. Nataka ufanye jambo. Kaa kitini, bana viwiko vyote viwili ubavuni, vikunje pembe mraba. Shika kalamu kwenye kila ngumi, zisimame wima. Sasa geuza viganja vyote juu kwa pamoja na mtu akupige picha kwa mbele. Ubavuni nasisitiza, kwa sababu bega ni mwongo, litajipinda na kukusaidia mpaka uone umegeuza kumbe umeegemea tu. Kalamu zitasema. Kisha tumia mkono wa kushoto kuusukuma wa kulia taratibu pale unapogota, na unijibu: panadunda kama mpira, au panagonga kama ukuta?

Mzee wa Chuma

Mimi na haya mambo ya kupasuana siyaelewi. Nanyanyua vyuma tangu ujana, nina rafiki kano yake ilikatika akaacha hivyo hivyo na anaishi. Mngeacha mwili ujitengeneze.

Dada Fizio

Mzee wangu, rafiki yako hajakosea, kuna watu huwa tunawashauri hivyo hivyo, hasa mwenye umri mkubwa au asiyetegemea mkono huo kwa kazi. Kiwiko kina msuli mwingine chini ya ule unaouona, ndio unaofanya kazi kubwa ya kukunja. Ila msuli uliokatika kazi yake kuu ni kugeuza kiganja juu. Usiposhonwa, makadirio yanayotumika sana ni kupoteza kama asilimia 40 ya nguvu ya kugeuza na asilimia 30 hivi ya kukunja. Mtu wa ofisini anaweza asione. Anayekaza skrubu siku nzima ataona saa nne asubuhi.

Na ukiamua kushona, usichelewe. Wiki mbili tatu za mwanzo kano bado iko karibu. Baadaye inarudi juu na msuli, inashikana na makovu, hapo inakuwa kazi ya kutafuta kiraka.

Mzee wa Chuma

Nimekuelewa binti. Na sindano za kujaza misuli zinahusika? Nauliza kwa niaba ya vijana.

Dada Fizio

Vijana hao waambie zinahusika, na sigara pia inahusika. Na waliokata kano ya mkono mmoja wapo wanaokuja kukata na ya pili, kwa hiyo Bisibisi huo wa kushoto unaouandikia uuheshimu.

Vidole Vitano

Bisibisi, naomba ujibu haraka: vidole vyako vinanyanyuka? Gumba unaweza kulisimamisha kama mtu anayesema safi? Nikuambie kwa nini nauliza.

Mimi nilishonwa kano ile ile miaka kadhaa nyuma. Siku ya upasuaji nilitoka na ganzi ya sindano ya bega, mkono mzima haupo, kwa hiyo sikujua kitu. Kesho yake ganzi ikaisha, plasta ikabaki kuanzia juu ya kiwiko hadi kiganjani. Vidole nilikuwa naweza kufumba ngumi. Kufumbua ndiko kulikuwa hakuna. Vinaning'inia. Na kitu cha ajabu, hakuna ganzi, hakuna maumivu, ngozi ya vidole nahisi kila kitu. Mimi nikajua ni plasta imebana. Mke wangu ndiye aliyesema "hebu ninyooshee vidole hivi", nikashindwa, tukatazamana.

Nikaita. Niliyemwita akashika vidole, akauliza nahisi, nikasema nahisi, akasema basi neva iko salama, kawaida. Kumbe ile neva inayonyanyua vidole, tawi la nyuma la neva ya rediali, haina kazi ya ngozi kabisa! Inazunguka shingo ya mfupa wa rediasi kwa nyuma, karibu sana na pale wanapotoboa. Kupima hisia hakukwambii lolote juu yake. Lazima umwambie mtu anyanyue.

Plasta ilipotoka tukaona kifundo cha mkono kinanyanyuka lakini kinakimbilia upande wa gumba, kwa sababu misuli ya upande ule inapata umeme wake kutoka juu zaidi. Daktari aliponiona akajua pale pale. Akaniambia huenda ni zile ndoano za kuvutia nyama pembeni zilizoikandamiza, na kwamba wakati wa kutoboa huwa wanageuza kiganja juu kabisa ili neva isogee mbali na kekee, lakini usalama huo nao una kiasi chake.

Wiki ya nne nikapimwa umeme wa neva. Mapema kuliko hapo kipimo kinaweza kukudanganya. Nikatengenezewa kifaa chenye vilastiki vya kunyanyua vidole ili visikakamae huku nasubiri. Kisha nikasubiri. Hakuna kazi ngumu kama kutazama kidole chako na kukiamuru. Mwezi wa tatu, jioni, kidole cha kati kikatikisika. Nikamwita kila mtu nyumbani waje waone kidole. Gumba lilikuwa la mwisho kabisa, mwezi wa sita. Sasa hivi nacharaza herufi hizi kwa vidole vyote kumi.

Kwa hiyo mkuu, gumba?

Bisibisi

Gumba linanyanyuka, vidole vyote vinanyanyuka. Pole kwa uliyopitia, nimesoma mara mbili.

Dada Fizio, nimefanya la kalamu. Ya kushoto imelala kabisa. Ya kulia imesimama njiani, nusu ya safari. Na nilipousukuma… ukuta. Panagonga. Naweza kusema hata sauti nimeisikia ila labda ni woga.

Dada Fizio

Asante kwa kufanya kwa umakini.

Kano au ngozi ya kiungo iliyokaza hudunda, na kila wiki unapata hatua kidogo. Kinachogonga kama ukuta, ambacho wiki ya sita na ya tisa kiko pale pale, na huko nyuma kulikuwa na uvimbe wa joto wiki ya tatu: mimi ningeomba eksirei wiki hii. Kuna hali ambayo mfupa unaota mahali pasipo pake, ndani ya nyama, kati ya mifupa miwili ya kigasha. Mifupa hiyo miwili hugeuza kiganja kwa mmoja kuviringika juu ya mwingine. Kikiota kijiti katikati, mzunguko umekwisha.

Inatokea zaidi kwa wanaopasuliwa sehemu mbili, mbele na nyuma, lakini wa sehemu moja hawajasalimika. Unga wa mfupa unaobaki baada ya kutoboa unatajwa kama mbegu mojawapo, ndiyo maana wapasuaji husafisha kwa maji mengi kabla ya kufunga. Inaweza kuwa si hiyo. Picha itatuambia.

Na kuanzia leo asikukande mtu kwa nguvu wala kukulazimisha kupita ukuta. Endelea kugeuza mwenyewe hadi unapofika, mara nyingi kwa siku, basi.

Nipo Nipo

Lakini si aliambiwa akaze mazoezi? Sasa nani mkweli?

Dada Fizio

Aliyemwambia akaze alidhani ni ugumu wa kawaida, na kwa ugumu wa kawaida ni ushauri mzuri. Kosa ni kutokupima kilichopo mwishoni mwa safari ya kiungo.

Kano Mbili

Niingie na mimi nitubu hadharani.

Mimi nilikuwa mgonjwa hodari. Wiki ya nne siumwi popote, kovu zuri, kila mtu ananisifu. Nimevaa breisi ya bawaba iliyozuia kiwiko kisinyooke chote, nikaambiwa nisinyanyue kitu kizito kuliko kikombe hadi wiki ya sita, na mazoezi ya nguvu nisiyaguse hadi wiki ya 12. Nikaona wananichelewesha. Breisi nikawa naivua nikiwa nyumbani kwa sababu ya jasho.

Nikateleza ngazini nikadaka reli kwa mkono ule ule. Hakukuwa na "ta!" safari hii. Palitokea kama kitambaa kinachochanika taratibu. Maumivu madogo, uvimbe mdogo. Nikajisemea ni kawaida, nimeshtua tu kovu. Aibu pia ilikuwepo, sikutaka kumwambia daktari kwamba breisi ilikuwa kwenye kiti. Nikakaa miezi miwili na siri yangu.

Kano kukatika tena ni nadra, na wengi wanaopata hupata wiki za mwanzo kama mimi, kabla haijashikana na mfupa. Ningesema siku ile ile huenda wangeirudisha kirahisi. Miezi miwili baadaye ilikuwa imejikunja juu na kufupika, ikabidi wachukue kano kutoka nyuma ya paja langu waungie. Sasa nina makovu mawili mkononi na moja karibu na goti, na nikieleza watu kwamba niliumia mkono wananiuliza mbona unachechemea.

Jina Limejaa

Samahani kwa kudandia uzi. Kaka yangu ana siku ya nane tangu ashonwe, kidonda kinatoa maji ya njano yenye harufu na tangu jana usiku anatetemeka. Tusubiri kliniki ya wiki ijayo?

Dada Fizio

Msisubiri. Leo hii, sasa, arudi alikopasuliwa au kitengo cha dharura kilicho karibu. Mengine yote tutaandika baadaye.

Vidole Vitano

Na yeyote mwenye plasta akipata maumivu yanayozidi kila saa, dawa haziyagusi, na mtu akimnyoosha vidole anapiga kelele, huyo naye asisubiri asubuhi. Kigasha kinaweza kuvimba ndani hadi damu isipite, na hapo misuli inahesabiwa saa.

Jina Limejaa

Mrejesho: wamemlaza, wamefungua na kusafisha, anapata dawa kwa mshipa. Daktari kasema kano bado imeshika. Mungu awabariki.

Bisibisi

Mrejesho wangu, wiki ya kumi na moja tangu upasuaji. Eksirei imeonyesha. Kando ya kitufe cha chuma kuna wingu jeupe lenye ncha, linaelekea kwenye mfupa wa pili, halijaugusa. Wakapiga na CT kuona vizuri. Daktari hakuficha, alisema kwa maneno haya haya: "Nilipaswa kukupiga picha wiki ya sita." Nilikuwa nimepanga maneno makali, yakaniishia mdomoni.

Sasa kaniambia tusubiri. Nilishangaa, kama mfupa unaota si ukatwe leo? Akasema mfupa mchanga ukiukata una tabia ya kuota tena, tuuache ukomae, kingo zake zionekane zimetulia kwenye picha, ndipo tuamue. Anasema pia kwamba kwa baadhi ya watu wingu la namna hii halizuii kitu na hawagusi.

Nimesoma sehemu kuhusu dawa iitwayo indomethasini. Niinunue?

Dada Fizio

Usiinunue. Hiyo ni dawa ya kinga, baadhi ya wapasuaji huitoa mara tu baada ya operesheni ili mfupa usianze kuota. Haiyeyushi uliokwisha kuota, na tumbo na figo zinaweza kuilipia. Ikifika siku ya kuondoa huo mfupa, muulize daktari wako kama atakupa baada ya hapo. Wakati mwingine hutumia mionzi kidogo badala yake.

Mzee wa Chuma

Bisibisi, nimejaribu lile la kalamu. Yangu ya kulia nayo hailali yote. Sijawahi kupasuliwa. Sasa naanza kujiuliza kilichotokea ule mwaka niliosikia "ta" nikajipaka dawa ya misuli.

Bisibisi

Mwezi wa tano tangu upasuaji. Hakuna jipya, wingu limekomaa, ncha imekaribia zaidi kisha ikasimama. Ganzi imepungua, imebaki kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Nimejifunza kufungua kitasa kwa bega. Nikipewa kitu mkononi nakipokea kwa pembeni, watu wanadhani naringa.

Nipo Nipo

Bado nipo nipo.

Bisibisi

Mwezi wa tisa, mrejesho wa mwisho labda.

Mwezi wa saba waliingia tena. Wamechonga ule mfupa bila kuiachisha kano, ingawa nilisaini kwamba ikibidi wataiachisha na kuishona upya. Dawa ya kinga nilipewa wiki kadhaa pamoja na ya kulinda tumbo. Safari hii hakuna plasta, siku ya pili tu mtaalamu kaja na kalamu zake (Dada Fizio, nilicheka, akaniona kichaa) na tukaanza kugeuza.

Haijarudi yote. Kalamu ya kulia inakaribia kulala, imebakiza kama vidole viwili. Nguvu ya kukaza skrubu naipata kwa muda, kisha mkono unachoka kabla ya mimi. Friji sitashusha tena, wala sitaki kuombwa.

Ila juzi asubuhi niliinama kwenye beseni, nikachota maji kwa viganja vyote viwili nikanawa uso. Nilikuwa nimeshachota mara ya pili ndipo nikagundua ninachofanya. Kwa miezi tisa nilikuwa nanawa kwa mkono mmoja.

Kano Mbili

Breisi ya usiku unaivaa lakini?

Bisibisi

Naivaa. Iko mkononi, haiko kwenye kiti.